Kuku Wakinyonyoana Manyoya, Usilaumu Mdomo

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kamere



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo ni kuku kung'oana manyoya. Mkulima huja ofisini, hungoja zamu yake, kisha husema, "Karani, kuku wangu wanakulana. Nipe jina la dawa." Anataka jina aliandike kwenye karatasi, aende dukani, anunue chupa, na shauri liishe.

Ndugu yangu, chupa hiyo haipo. Kuku anayeng'oa manyoya ya mwenzake hakurogwa, na mara nyingi si mgonjwa. Ni kweli kwamba mbegu nyingine za kuku zina tabia hiyo kuliko nyingine. Lakini katika maboma yetu, sababu kubwa ni kwamba tumemfungia kuku ndani, tukamnyang'anya kazi yake, tukampunguzia chakula cha kujenga mwili, kisha tunashangaa akitafuta vyote viwili mgongoni mwa jirani yake. Maoni yangu ni kwamba dawa ya kwanza ni kulitengeneza banda na chakula. Wa kulaumiwa ni sisi tulioutunza vibaya mdomo huo.

HAKIKISHA KWANZA

Kabla ya kuhukumu, mtazame kuku vizuri, maana si kila kuku aliye uchi amenyonyolewa.

Kuku aliyepita mwaka mmoja hubadili manyoya yake. Huanza kichwani na shingoni, kisha hushuka mwilini. Ngozi yake haina jeraha, utaona vichipukizi vya manyoya mapya, na mayai hupungua au hukoma kwa muda. Huyo mwache, mpe chakula kizuri, atavaa nguo mpya.

Kuku anayetaka kulalia mayai hujinyonyoa mwenyewe kifuani. Huyo naye hana kosa. Mitetea wanaopendwa sana na jogoo hupoteza manyoya ya mgongoni na mabegani kwa kukanyagwa. Ukiona hivyo, uliza kama una majogoo wengi kuliko inavyofaa. Jogoo mmoja kwa mitetea kumi anatosha.

Tena kuna wadudu. Mshike kuku, umpanue manyoya karibu na sehemu ya nyuma ya kutagia. Ukiona chawa wanakimbia, au mayai yao meupe yameshikamana kwenye mashina ya manyoya, umempata adui. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi. Mchana hujificha katika nyufa za fito na mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Nenda bandani usiku na tochi, upitishe kidole chini ya fito za kulalia. Kidole kikitoka na alama ya damu, basi unalisha utitiri kabla ya kulisha watoto wako.

Lakini ukiona manyoya yametoka kwenye shina la mkia na mgongoni, hali shingo bado ina manyoya, ngozi ni nyekundu, na kuku mmoja au wawili kundini wana manyoya yao yote yanang'aa, hapo kuku wananyonyoana. Na kuna ishara nyingine ambayo wengi hawaijui. Tazama sakafuni. Kama kuku wako uchi na sakafuni huoni manyoya, ujue wanayala.

KWA NINI WANAFANYA HIVYO

Babu wa kuku wote wa kufugwa ni kuku mwekundu wa msituni, ambaye bado yuko katika nchi za kusini mashariki ya Asia. Kuku huyo hutumia sehemu kubwa ya mchana akiparua na kudonoa ardhi. Haparui kwa sababu ana njaa tu, kuparua ndiyo kazi yake. Kuku wako wa bomani, awe wa kienyeji, awe wa mbegu iliyoboreshwa, amerithi kazi hiyo hiyo. Ukimnyima ardhi ya kudonoa, mdomo haukubali kulala. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Harry Blokhuis, aliandika mwaka wa 1986 kwamba kudonoa manyoya ni kule kule kudonoa ardhi, ila kumegeuzwa kukaelekezwa kwa kuku mwenzake.

Jambo hili tusilichanganye na ugomvi wa cheo. Katika kila kundi la kuku kuna mkubwa na mdogo, na mkubwa humdona mdogo kichwani ili akumbuke mahali pake. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza desturi hiyo mwaka wa 1922, na wafugaji duniani kote wanaijua. Huko ni kudona kwa hasira, na huisha kila mmoja akishajua cheo chake. Kunyonyoana manyoya ni jambo jingine. Kuku hana hasira hata kidogo. Humwendea mwenzake polepole, huvuta unyoya mmoja, huumeza, kisha huvuta wa pili. Bandu bandu huisha gogo. Siku damu itakapotoka, kundi zima litakimbilia pale penye wekundu, na jioni utamkuta kuku mmoja amekufa.

Sasa tujiulize sisi watu wa settlement. Mpango wa kugawa eka milioni moja za mashamba ya wazungu ulianza mwaka wa 1962. Wazee waliopewa ardhi Kinangop, Ol Kalou na kwingineko walikuwa na nafasi. Asubuhi mlango wa kuku ulifunguliwa, na kuku alitembea mpaka jua litue. Alikula mchwa, mbegu za magugu, majani na panzi. Hakuna aliyemfundisha mtu habari ya kunyonyoana, kwa kuwa kuku alikuwa na kazi.

Shamba lile limegawiwa wana, na wana wamewagawia wana wao. Kuku akitoka leo anaingia katika sukuma wiki ya jirani, na kesi inakwenda kwa chifu. Huku Kamere ni hivyo hivyo, na pengine zaidi. Ploti ni ndogo, mwewe wako juu, na watu wengi huondoka alfajiri kwenda kazini katika mashamba ya maua au kwenye fukwe za samaki. Kwa hiyo kuku hufungiwa tangu asubuhi mpaka jioni katika kibanda cha mabati. Saa saba mchana mabati yanawaka, kuku wanahema midomo wazi, na hakuna hata ukuti wa kuchezea.

Simlaumu mtu kwa kufunga kuku. Ardhi imekuwa haba, na ujirani mwema una faida yake. Ninachosema ni hiki: ukimfunga kuku, umechukua wajibu wa kumletea ndani yale aliyokuwa akiyapata nje. Alikuwa akipata nafasi, kazi, na nyama ya wadudu. Tumefunga mlango, na katika hayo matatu hatukumrudishia hata moja.

HABARI YA KUKATA MIDOMO

Wako watu watakaokushauri uchome kisu motoni ukate midomo ya kuku. Ndugu, usifanye hivyo. Mdomo wa kuku si kama ukucha wako. Ndani yake mna mishipa ya damu na ya fahamu, na ndio mkono wake wa kupapasia, kuokotea na kusafishia manyoya. Kuku mzima akikatwa mdomo kwa kisu cha moto huumia kwa siku nyingi, hushindwa kula vizuri, na mayai hupungua. Tena hawezi kujitoa chawa, nao wadudu huongezeka.

Najua wenye kuku maelfu hupunguza midomo ya vifaranga wachanga kwa mashine na kwa watu waliofundishwa. Lakini hata huko duniani mambo yanabadilika. Norway ilikataza jambo hilo kwa sheria mwaka wa 1974, na Sweden mwaka wa 1988. Ujerumani wafugaji wa kuku wa mayai walikubaliana na serikali yao kuliacha kuanzia mwaka wa 2017. Ikiwa watu wenye kuku maelfu katika nyumba moja wanaweza kufuga bila kukata, itakuwaje mimi na wewe wenye kuku ishirini tushindwe?

Kumkata kuku mdomo ni kama kumfunga mtoto kinywa kwa sababu analia njaa. Kilio kitanyamaza, njaa itabaki.

LA KUFANYA LEO

Aliyejeruhiwa mtoe kundini leo hii. Usingoje kesho. Mwoshe jeraha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha umpake dawa ya zambarau ya vidonda inayouzwa dukani. Rangi ile huficha wekundu wa damu, na wekundu ndio unaowaita wengine. Usimpake mafuta machafu ya gari. Akipona, mrudishe jioni giza linapoingia.

Kisha kaa kando ya banda kwa nusu saa, utazame bila kelele. Utamtambua mwenye kuanza. Mara nyingi ni yule mwenye manyoya mazuri kuliko wote. Mtenge siku chache, na katika siku hizo urekebishe banda. Ukimrudisha katika banda lile lile la zamani, umepoteza siku zako.

LA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, pima banda. Mita moja ya mraba inatosha kuku wanne, wakizidi watano. Banda la mita tatu kwa mita mbili ni mita sita za mraba, kwa hiyo linafaa kuku ishirini na nne mpaka thelathini. Kama humo mna hamsini, hakuna ushauri wangu utakaokusaidia mpaka uuze wengine au uongeze nyumba. Chombo cha chakula kiwe kirefu, kila kuku apate sentimita kumi za kusimama. Kiota kimoja kitoshe kuku watano, na kiwe mahali penye giza kidogo, maana kuku anayetaga mbele ya wenzake huonyesha wekundu wa nyuma, na wao huudona.

Pili, punguza joto na mwanga. Acha nafasi ya waya juu ya kuta ili hewa ipite. Tandika nyasi kavu juu ya mabati. Taa kali isiwake usiku kucha.

Tatu, mpe kuku kazi. Tandika maranda au majani makavu ya ngano, yafike sentimita kumi. Sisi wa Nakuru hatuna sababu ya kukosa majani ya ngano, maana yanatoka Njoro na Mau Narok. Kila alasiri mwaga konzi mbili za nafaka ndani ya matandiko hayo, uwaache watafute. Ning'iniza kabeji au fungu la sukuma wiki kwa kamba, usawa wa kichwa cha kuku, wadonoe wakiruka. Weka sanduku la udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni, waogee humo. Wengine huongeza ule unga mweupe wa udongo wa Kariandusi, karibu na Gilgil, ambao huwakausha wadudu mpaka wakafa. Ukiutumia, jifunge kitambaa puani, maana vumbi lake si zuri kwa kifua.

Na hapa wa Kamere nawapa onyo. Usiokote majani na mashina yaliyotupwa kutoka kwenye mashamba ya maua ukawapa kuku. Maua hupigwa dawa za kuua wadudu, na yai litakaloliwa na mwanao litatoka kwa kuku huyo.

Nne, kuku wageni usiwatupe ndani mchana mmoja mmoja. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watenge kwanza wiki mbili uwaangalie kama wana ugonjwa, halafu waonane na wenyeji kupitia waya kwa siku kadhaa, ndipo uwaingize usiku, wawili au watatu pamoja. Wala usichanganye vifaranga na kuku wakubwa.

HESABU YA CHAKULA

Sasa nafika mahali ambapo wengi hawatapenda maneno yangu. Chakula cha kuku wa mayai kimepanda bei. Mkulima ananunua gunia moja, analichanganya na unga wa mahindi au pumba nusu kwa nusu, na anajiona ameokoa pesa. Tufanye hesabu kama shuleni.

Chakula kizuri cha kutagia kina sehemu kama 16 za protini katika kila 100. Protini ndicho chakula cha kujenga mwili. Mahindi yana sehemu kama 8. Ukichanganya nusu kwa nusu, jumlisha 16 na 8, ugawe kwa 2. Umepata 12. Kuku alikuwa anahitaji 16, umempa 12, na bado unamdai yai. Yai lenyewe ni protini. Nao unyoya karibu wote ni protini. Sasa kuku anayetafuta zile sehemu 4 zilizopungua atazitafuta wapi? Amekwisha kuziona mgongoni mwa mwenzake.

Tena kuku asiye na manyoya hula zaidi ili mwili upate joto. Kinangop, ambako usiku baridi ni kali, kuku uchi ni kama jiko lisilo na kifuniko. Kwa hiyo zile shilingi ulizookoa dukani zinatoka kwa mlango wa nyuma, pamoja na mayai yaliyopungua na kuku aliyekufa.

Kama pesa hazitoshi gunia, iko njia bora kuliko pumba. Ongeza omena iliyosagwa au mashudu ya alizeti, ambayo yana ile protini inayojenga manyoya. Wa Kamere tuna ziwa. Vichwa na matumbo ya samaki yanayotupwa ufukweni, ukiyachemsha vizuri na kuyapa kuku kidogo kidogo yakiwa hayajaoza, ni chakula chema. Tega mchwa kwa chungu na majani makavu kama wazee walivyofanya. Chumvi nayo ni lazima, lakini kwa kipimo. Ukichanganya chakula nyumbani, isizidi nusu kijiko cha chai kwa kila kilo. Omena yenye chumvi ioshwe kwanza, maana chumvi nyingi huua kuku. Chakula cha dukani kina chumvi tayari, usiongeze.

NANI MWENYE KUKU?

Neno langu la mwisho ni la nyumbani. Katika boma nyingi mama na watoto ndio walinzi wa kuku. Mama ndiye anayeona unyoya wa kwanza ukitoka. Lakini baba ndiye mwenye nyundo na mwenye kukubali gunia linunuliwe. Mama akisema banda limekuwa dogo, huambiwa kuku ni mambo ya wanawake. Mayai yakiuzwa na karo ikilipwa, kuku huwa wa nyumba nzima.

Bwana, haifai hivyo. Kama kuku wanalipa karo, wanastahili misumari na mbao. Na pesa ya mayai ya kila wiki iwalishe kuku kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Ng'ombe wa maziwa tunamnunulia chakula cha maziwa bila kunung'unika. Kuku naye ni mfanyakazi.

Nasi wa maofisi tuna sehemu yetu. Mara nyingi vifaranga hugawiwa kwa vikundi kabla ya mtu kuuliza banda liko wapi na lina mita ngapi. Hotuba hutolewa, vifaranga huchukuliwa kwa maboksi, na baada ya miezi mitano watu wanauliza dawa ya kunyonyoana. Ningependa iwe desturi: kwanza banda lipimwe, hesabu ya chakula iandikwe, ndipo kifaranga kitolewe. Kikundi kinachoweza kununua omena na mashudu kwa pamoja kitapata bei nzuri kuliko mtu mmoja mmoja, na jambo hilo laweza kupangwa katika mkutano mmoja tu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla kuku hawajalala, ingia bandani na kamba ya kupimia. Hesabu kuku, hesabu mita, tazama mkia wa kila mmoja, uangalie kama kuna manyoya sakafuni. Kama hesabu haikubaliani, anza kazi kesho asubuhi, nawe mama mwenye kuku mwite baba mje mpime pamoja.